Mtoto Akipimwa, Mzazi Aambiwe

(Haya ni mazungumzo aliyoyatoa mwandishi wetu mbele ya walimu, wauguzi na watumishi wa serikali katika shule moja ya Kariakoo, Dar es Salaam.)



Nimeombwa nizungumze juu ya utafiti wa afya na lishe ya watoto katika nchi yetu. Mimi si mganga wala si mtaalamu wa lishe. Kazi yangu ni uandishi wa habari. Kwa hiyo sitajaribu kuwafundisha kazi yao wauguzi walioketi humu. Nitazungumza juu ya jambo moja tu, ambalo naamini linatuhusu sote: takwimu za watoto wetu zikishaandikwa huenda wapi, na ni nani anayepaswa kuambiwa kwanza.

Naanzia hapa hapa tulipo. Sote tunajua kwamba jina la Kariakoo lilitokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Soko kubwa lililochorwa na Mtanzania mwenzetu, Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975, na kwa miaka mingi mazao ya jumla yalishushwa katika ghorofa yake ya chini, ambayo wenyeji waliiita Shimoni. Soko hilo liliungua Julai 10, 2021. Lakini moto haukuufukuza mzigo Dar es Salaam. Ukisimama alfajiri penye malori ya mazao, iwe hapa, Ilala au Temeke, utaona magunia ya viazi kutoka Njombe, mahindi na maharage kutoka Iringa, mchele na mahindi kutoka Rukwa na Mbeya. Mji huu hula jasho la mikoa hiyo.

Sasa tazameni jambo hili. Uchunguzi wa kitaifa wa afya na uzazi wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Tanzania watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, maana yake ni wafupi kuliko inavyopasa kwa umri wao. Mikoa iliyoongoza kwa udumavu ilikuwa mitatu: Iringa, ambako watoto wapatao 57 katika kila 100 walikuwa wamedumaa, Njombe, watoto 50, na Rukwa, watoto 50. Yaani mikoa inayojaza magunia haya ndiyo ambayo nusu ya watoto wake, au zaidi, hawakui sawasawa. Na katika uchunguzi wa 2015–16, wakati hesabu ya nchi nzima ilikuwa watoto 34 katika 100, Dar es Salaam, mji usiolima, ulikuwa na watoto wapatao 15.

Mtu asiyefikiri sana atasema kwamba wakulima wanauza chakula chote na kubaki na njaa. Huenda wako wanaofanya hivyo. Lakini jibu hilo halitoshi, na nitaeleza kwa nini halitoshi. Kabla sijafika huko, nitasema jambo la nyumbani kwangu, ingawa lanitia haya kidogo.

Nina binti. Alipokuwa na umri wa miezi 11 alipelekwa kliniki kila mwezi, katika kliniki moja ya mjini ambayo sitaitaja. Kila mwezi alipimwa, nukta ikatiwa katika kadi, kadi ikarudishwa kwa mama yake, na mama mwingine akaitwa. Miezi mitatu ilipita hivyo. Mimi katika muda huo huo nilikuwa nikihudhuria mikutano ya waandishi, nikiandika asilimia za udumavu za mikoa yote kwa ufasaha mkubwa. Kadi ya mwanangu sikuifungua hata mara moja.

Mtoto alikuwa amepungua uchangamfu. Bibi yake alikuja kututembelea, akamtazama, akasema neno ambalo kila mtu wa Pwani analijua: kwamba mtoto amebemendwa. Alimaanisha kwamba mimi au mke wangu tulikuwa tumekosa mwenendo wakati mtoto angali ananyonya. Neno hilo likaenea kwa majirani. Mke wangu akaona aibu, na mwezi uliofuata hakwenda kliniki kabisa. Nami, mtu niliyesoma chuo kikuu, badala ya kumtetea, nilinyamaza.

Aliyetuokoa ni jirani yetu mmoja, muuguzi mstaafu. Aliomba aone kadi, akaitazama kwa muda mfupi, akaniambia: “Mwanangu, mbona huyu amesimama miezi mitatu? Hamkuambiwa?” Kisha akatuuliza maswali matatu. Anakula mara ngapi kwa siku? Nani anamlisha? Ameharisha mara ngapi tangu ameanza kutambaa? Tulipojibu, tulijihukumu wenyewe. Sisi sote wawili tulikuwa kazini tangu asubuhi hadi jioni. Mtoto alilishwa na binti wa kazi, mara mbili kwa siku, uji mwembamba uliotengenezwa asubuhi na kuwekwa katika chupa ya chai. Alikuwa ameharisha mara tatu. Ndani ya nyumba hiyo hiyo mlikuwa na mchele, maharage, mafuta, karanga na dagaa. Chakula kilikuwapo, hakikumfikia mtoto.

Ndugu zangu, maswali matatu ya mama yule hayakuwa yake peke yake. Ni matunda ya utafiti uliofanywa katika nchi yetu kwa miaka mingi, na nataka tuukumbuke.

Nchi yetu haikuanza jana kushughulika na lishe. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusoma na kusikiliza redio, wakajadili malaria, kichocho na choo cha nyumbani. Mwaka huo huo Bunge likapitisha sheria ya kuunda Taasisi ya Chakula na Lishe. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Mafunzo yale yalitolewa kwa njia ya majadiliano. Watu walikaa chini ya mwembe, wakasikiliza, wakabishana, wakaazimia kuchimba choo au kupanda mboga. Hapana shaka wengi wenu humu mlizaliwa na wazazi waliokuwamo katika vikundi hivyo.

Kisha ukaja mpango wa Iringa. Mwaka 1983 serikali yetu, ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto, kwa fedha za serikali ya Italia, ilianzisha mpango wa lishe katika vijiji 168 vya mkoa wa Iringa. Wakati ule mkoa huo ulikuwa pamoja na Njombe, ambayo ilifanywa mkoa wa peke yake mwaka 2012. Yafaa tuutazame mpango ule kwa makini, kwa sababu ulifanya jambo ambalo tafiti nyingi hazikulifanya.

Kila baada ya miezi mitatu, watoto wote wa kijiji walio chini ya miaka mitano walipimwa uzito hapo hapo kijijini. Kadi zilikuwa na rangi: kijani kwa mtoto anayekua vizuri, kijivu kwa aliyepungua, nyekundu kwa aliye hatarini. Hadi hapo hapana jambo jipya. Jipya lilikuwa lile lililofuata. Hesabu hazikufungwa katika bahasha na kupelekwa wilayani tu. Zilisomwa mbele ya kamati ya afya na serikali ya kijiji. Wangapi wamo katika nyekundu? Safari iliyopita walikuwa wangapi? Nyumba zao zina tatizo gani? Tufanye nini kabla ya kupima tena? Wataalamu waliuita mwendo huo kwa hatua tatu: kutathmini, kuchambua, kutenda, kisha kurudia tena.

Majadiliano hayo ndiyo yaliyofichua ukweli ambao mizani peke yake isingeuonyesha. Ilionekana kwamba nyumba nyingi zenye mtoto aliyedhoofika zilikuwa na mahindi ghalani. Mtoto alikula mara mbili tu kwa siku kwa sababu mama yake alitoka alfajiri kwenda shambani, akateka maji, akachanja kuni, akarudi jioni. Mtu mzima akila mara mbili na kushiba anaweza kuishi. Mtoto wa mwaka mmoja tumbo lake ni dogo kama ngumi yake. Akilishwa mara mbili hawezi kupata anachohitaji, hata ghala lijae vipi. Kwa hiyo baadhi ya vijiji vikaanzisha vituo vya kulelea na kulishia watoto wakati mama zao wako kazini, na wanaume wakaulizwa juu ya mzigo wa kazi za wake zao. Swali la lishe likawa swali la mgawanyo wa kazi.

Jambo jingine lililochunguzwa ni uji wenyewe. Uji mzito wa mahindi humshibisha mtoto kabla hajapata nguvu ya kutosha; ukiongezwa maji, huteremka vizuri lakini ndani yake hamna kitu. Watafiti wa Taasisi ya Chakula na Lishe, wakishirikiana na wenzao wa Uswidi, waligeukia ujuzi ambao bibi zetu wapika pombe walikuwa nao tangu kale: kimea. Ulezi au mtama ukilowekwa, ukachipua, ukakaushwa na kusagwa, unga wake kidogo tu ukitiwa katika uji mzito huufanya uwe laini na wa kunyweka bila kuongezwa maji. Kikombe kile kile humpa mtoto chakula kingi zaidi. Jambo hilo lilijaribiwa katika kijiji cha Luganga, Iringa. Watafiti wa Taasisi walichunguza pia togwa, wakaonyesha kwamba uchachu wake hupunguza vijidudu na kwamba watoto walionywa uji uliochachushwa hivyo waliharisha kwa nadra zaidi. Hiyo ndiyo maana ya utafiti wa nchi inayojitegemea: kuchukua kilichomo jikoni mwa wananchi, kukipima kwa sayansi, na kukirudisha jikoni.

Matokeo yalikuwaje? Mwaka 1984 watoto 56 katika kila 100 waliopimwa walikuwa na uzito pungufu, na zaidi ya 6 walikuwa katika hali mbaya sana. Kufikia 1988 wenye uzito pungufu walishuka hadi 38, na wenye hali mbaya sana hawakufika 2. Hayo yalipatikana katika miaka ambayo uchumi wa nchi ulikuwa taabani, sukari na sabuni vikipangiwa foleni. Mwaka 1990 UNICEF ilipoandaa mwongozo wake wa lishe kwa dunia nzima, ilichukua fikra zilizokomaa Iringa: kwamba mtoto hukua kwa kuwa na vitu vitatu pamoja, yaani chakula nyumbani, malezi ya mama na mtoto, na afya pamoja na mazingira safi, na kwamba kimoja kikikosekana, viwili vilivyobaki havitoshi. Mwongozo huo umefundishwa katika vyuo vya mataifa mengi.

Basi inakuwaje kwamba mwaka 2022 Iringa hiyo hiyo inaongoza kwa udumavu, na Njombe inaifuata?

Hapa hatuna budi kuwa waangalifu, tusije tukapotosha watu. Vipimo hivi viwili si kitu kimoja. Wakati ule ulipimwa uzito kwa umri. Udumavu ni urefu kwa umri, nao huonyesha upungufu wa muda mrefu ulioanza tumboni mwa mama. Mtu hawezi kuchukua 38 ya mwaka 1988 na 57 ya mwaka 2022 akasema hali imezidi kwa kiasi fulani. Wala si kweli kwamba nchi haikusonga mbele. Udumavu wa nchi nzima ulikuwa asilimia 42 mwaka 2010, ukawa 34 mwaka 2015–16, na 30 mwaka 2022. Hiyo ni kazi ya wauguzi, walimu na wazazi, na yafaa isifiwe.

Hata hivyo swali linabaki. Mkoa ulioifundisha dunia namna ya kumpima mtoto na kumjadili, leo unatajwa kwa udumavu. Sababu zake ni nyingi, nami sidai kuzijua zote. Lakini moja tunaweza kuiona hata tukiwa hapa Kariakoo, kwa kuwa ipo hapa pia: upimaji uliendelea, mazungumzo yakafifia. Mizani zimebaki kila mahali. Kadi zipo. Taarifa hupelekwa juu kila mwezi. Kinachokosekana mara nyingi ni lile swali la kijijini: huyu mtoto wetu, kwa nini hakui, na tufanye nini kabla ya kumpima tena?

Ndugu Mwenyekiti, naomba mnivumilie niguse tafiti nyingine mbili, kwa sababu zinaonyesha ni kiasi gani watoto na mama zetu wameifaa sayansi ya dunia.

Ya kwanza ilifanyika katika jiji hili. Kati ya 2001 na 2004, wanawake wajawazito 8,468 wa Dar es Salaam walishiriki katika utafiti wa Chuo cha Muhimbili na wenzao wa Harvard, Marekani. Nusu yao walipewa vidonge vya vitamini nyingi, nusu nyingine vidonge visivyo na vitamini hizo, na wote wakapewa madini ya chuma na foliki. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2007 yalionyesha kwamba watoto waliozaliwa na uzito chini ya kilo mbili na nusu walipungua kutoka 9.4 hadi 7.8 katika kila 100. Tofauti hiyo yaonekana ndogo katika karatasi. Katika wodi ya wazazi ni watoto wengi.

Ya pili ilifanyika Pemba, nayo ina fundisho zito zaidi. Ilipendekezwa kwamba watoto wa maeneo yenye upungufu mwingi wa damu wapewe madini ya chuma. Pendekezo hilo lilijaribiwa Pemba kwa watoto zaidi ya 24,000. Mwaka 2003 utoaji wa chuma na foliki ulisimamishwa kabla ya wakati, kwa sababu waliopewa walilazwa hospitali na kufariki kwa wingi kuliko wenzao. Mahali penye malaria nyingi, chuma kilichogawiwa kwa kila mtoto bila kumpima kiligeuka hatari. Lakini watoto ambao kweli walikuwa na upungufu wa chuma na damu, na waliofuatiliwa kwa karibu, walinufaika. Matokeo yalichapwa London mwaka 2006 katika jarida la Lancet, na Shirika la Afya Duniani likabadili maelekezo yake kwa nchi zenye malaria.

Ndivyo watoto wa Pemba walivyofanya watoto wa nchi nyingine wasidhurike. Sasa nauliza: ni walimu wangapi humu waliowahi kusikia habari hiyo kabla ya leo? Imo katika kitabu gani cha shule zetu? Mama aliyekubali mwanawe atolewe damu ana haki ya kujua damu ile ilisema nini. Kumrudishia jibu si hisani, ni deni.

Sasa turudi mtaani kwetu, maana hatukukusanyika hapa ili kuwajadili watu wa Iringa na Pemba tu.

Wapo katika mitaa hii, tangu Msimbazi hadi Lumumba, akina mama wanaopika na kuuza chakula. Zamani tuliwaita mama ntilie. Siku hizi tunawaita mama lishe, na hilo ni jina la heshima. Mama huyu huamka saa kumi za usiku huko Kigogo au Buguruni. Hulisha wachukuzi, madereva, makarani, na wakati mwingine sisi waandishi. Mtoto wake mchanga hulala juu ya boksi chini ya meza, karibu na moshi na mfereji wa maji machafu. Mteja akija, mtoto husubiri. Mama anayelisha mji mzima hana nafasi ya kumlisha mwanawe mara tano kwa siku. Je, huyu ana tofauti gani na yule mkulima wa Iringa wa mwaka 1984 mwenye ghala lililojaa? Wote wawili wana chakula. Kinachowapungukia ni muda, msaada na mahali salama pa kumweka mtoto.

Tena yapo maduka yanayouza kile kinachoitwa unga wa lishe. Mzazi mwenye mapenzi na mwanawe hununua mahindi, mchele, ngano, mtama, ulezi, uwele, soya na karanga, akavisaga pamoja, akiamini kwamba wingi wa majina ni wingi wa lishe. Lakini mahindi, mchele, ngano, mtama, ulezi na uwele vyote ni nafaka. Ukichanganya sita bado uko katika kundi moja la chakula. Na karanga au mahindi yaliyohifadhiwa vibaya huota ukungu wenye sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu huko Dodoma na Manyara. Punje moja mbaya ikisagwa, haionekani tena. Ni heri mzazi apike uji wa nafaka moja iliyo safi, kisha autie maziwa, au karanga alizozichambua mwenyewe, na mafuta kidogo. Na mtoto apate pia dagaa, maharage, mboga za majani na papai. Vyote hivyo vinauzwa hapa hapa.

Juu ya yote hayo liko lile neno la kubemenda. Sitaki kuwacheka wazee. Waliona kweli kwamba mama akishika mimba nyingine upesi, mtoto wa kwanza hudhoofu. Waliona kwamba nyumba isiyo na utulivu mtoto wake hakui. Lakini neno lenyewe limekuwa fimbo ya kumchapia mama. Mwanamke ambaye mwanawe amekonda humficha ndani kwa kuogopa ndimi za watu, na mtoto anayefichwa hafiki kliniki hadi ameanza kuvimba miguu. Aibu hiyo haitaondoka kwa kukemewa na mtaalamu. Itaondoka siku ambayo jirani, badala ya kuuliza nani kakosa, atauliza: anakula mara ngapi, nani anamlisha, ameharisha mara ngapi?

Basi tufanye nini? Nina mapendekezo manne, na yote yanaweza kuanza bila kungoja fedha kutoka nje.

Kwanza, kila mtoto akipimwa, mzazi aambiwe papo hapo kwa maneno: amepanda, amesimama, au ameshuka. Akiwa amesimama, aulizwe yale maswali matatu. Najua muuguzi mmoja huhudumia akina mama wengi, na foleni haimpi nafasi. Basi wahudumu wa afya wa mtaa wapewe kazi hiyo, wakae na mama baada ya mizani. Na sisi akina baba twende kliniki. Mimi nimejifunza kwa gharama.

Pili, walimu wafundishe kusoma kadi. Mtoto wa darasa la sita anayeweza kusoma grafu ya mvua anaweza kusoma kadi ya mdogo wake. Siku elfu moja za mwanzo, tangu mimba hadi mtoto atimize miaka miwili, ndizo zinazojenga mwili na akili. Ninyi walimu huwapokea watoto hao miaka minne au mitano baadaye, mkashangaa kwa nini mmoja hashiki somo. Kusubiri hadi afike darasani ni kuchelewa. Lakini dada yake mnaye tayari.

Tatu, hesabu za mtaa zisomwe mtaani. Zipo siku za afya na lishe zinazopaswa kufanyika kila robo mwaka. Mwishoni mwa siku hiyo mwenyekiti wa mtaa asimame aseme, bila kutaja jina la mtoto hata mmoja, wangapi wamepimwa, wangapi wako hatarini, na safari iliyopita walikuwa wangapi. Tangu 2017 wakuu wa mikoa wamekuwa wakitia saini mikataba ya lishe, na halmashauri ziliagizwa kutenga shilingi 1,000 kila mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Shilingi elfu moja kwa mwaka mzima ni fedha kidogo. Ndiyo sababu wananchi wanastahili kusomewa imetolewa kiasi gani na imefanya nini. Na kila mtafiti anayekuja kupima watoto wa mtaa arudi na ukurasa mmoja wa Kiswahili, ausome mbele ya wazazi wale wale.

Nne, tunapopanga masoko, tupange na mahali pa watoto. Tunatenga nafasi za mizani ya mazao, za malori na za ushuru. Chumba kimoja safi, chenye maji na mlezi, ambamo mama lishe na muuza mchicha wanaweza kumwacha mtoto na kuja kumnyonyesha, hakiwezi kuwa anasa katika soko linalolisha mji mkubwa kuliko yote nchini. Vijiji vya Iringa viliweza kufanya hivyo vikiwa maskini kuliko sisi.

Ndugu zangu, wapo watakaosema kwamba haya ni mambo madogo, na kwamba umaskini ukiisha udumavu nao utakwisha. Umaskini ni adui wa kweli, na hatuachi kumpiga vita. Lakini mikoa yenye chakula kingi imetuonyesha kwamba ghala likijaa, mtoto anaweza bado kudumaa. Na Iringa ya miaka ya themanini ilituonyesha kwamba katika dhiki kubwa, watu wakikaa pamoja na kuzijadili hesabu za watoto wao, watoto wanaweza kupona. Mambo hayo mawili tumeyajua kwa utafiti wetu wenyewe. Itakuwa ajabu kama wageni watayasoma vitabuni na sisi tutayasahau.

Binti yangu alianza kupanda tena baada ya miezi miwili. Hakupewa dawa ya ajabu. Alipewa chakula kile kile kilichokuwamo nyumbani, mara tano kwa siku, kwa kikombe na kijiko safi, na mama yake na mimi tukapeana zamu ya kurudi mchana. Bibi yake alipokuja tena, nilimwonyesha kadi, nikamweleza mstari ule maana yake nini. Aliuangalia kwa muda mrefu, kisha akaniuliza: “Na sisi zamani tulipowapeleka nyinyi kupimwa, mbona hakuna aliyetuambia?”

Sikuwa na jibu la kumpa. Naliacha swali hilo kwenu, ninyi mnaoshika mizani, chaki na kalamu.